Watu 9, siku 12, visiwa vya Thailand mwezi Agosti: ratiba hii inawezekana?

Kipepeo_Mweusi

Wakuu, habari za saa hizi. Tuko 9, wavulana 4 na wasichana 5, umri miaka 19 hadi 26. Tunataka kwenda Thailand Agosti, siku 12 tukihesabia tangu kutua Bangkok mpaka kupanda ndege ya kurudi. Rasimu yetu: Bangkok, Phuket, Phi Phi, Krabi, Koh Samui, Koh Phangan (sherehe ya mwezi mpevu), Koh Tao, kisha Bangkok. Watatu wanataka kusomea kupiga mbizi na kupata cheti. Wengine wanataka ufukwe na kukodi pikipiki.

Maswali: (1) Vituo 6 vya pwani na visiwani kwa siku 12 vinawezekana? (2) Tujipangie wenyewe au tununue safari ya kundi yenye kiongozi? (3) Pesa za pamoja mnaziendeshaje bila watu kununiana?

Gati_Namba_Tatu

Vinawezekana kwenye karatasi. Shida yenu ya kwanza ni mwezi, idadi ya vituo inafuata.

Thailand ya kusini ina bahari mbili zenye misimu tofauti. Phuket, Phi Phi na Krabi ziko Bahari ya Andaman, na kati ya Mei na Oktoba upepo wa kusini-magharibi unapiga upande huo moja kwa moja. Mvua ni jambo dogo, maana hunyesha na kukatika. Kinachosumbua ni mawimbi: boti ndogo zinasitishwa, fukwe zinasimika bendera nyekundu na maji yanakuwa na tope. Halafu Maya Bay ya Phi Phi, ambayo naamini ndiyo mmeiona kwenye picha, hufungwa kila mwaka tangu Agosti 1 hadi Septemba 30 ili matumbawe yapumue. Hata ikiwa wazi hamruhusiwi kuogelea pale, na boti zinashushia watu upande wa nyuma, Loh Samah.

Samui, Phangan na Tao ziko Ghuba ya Thailand. Huko Agosti kwa kawaida bahari ni tulivu, na mvua kubwa huja Oktoba mpaka Desemba. Kwa hiyo futeni Andaman yote. Mngekuwa mnakwenda Februari ningesema mengine.

Kuhusu idadi: kila kuhama kisiwa hula nusu siku hata kama boti yenyewe ni ya dakika 30. Chumba mnatoka asubuhi, gari la kwenda gatini, kuripoti kabla ya muda, boti kuchelewa, gari jingine upande wa pili, kisha mnasubiri chumba hadi mchana. Kwa watu 9 kuna daima mmoja anayetafuta chaja.

Ningepanga hivi, usiku 11:

Usiku 1 Bangkok. Usiku 1 kwenye treni ya kulala kwenda Chumphon, mji wa pwani ya Ghuba. Treni nyingi za masafa marefu za kusini tangu Januari 2023 zinaondokea kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat, siyo Hua Lamphong ya zamani, na madereva wa teksi bado huwapeleka watu kule. Mtafika Chumphon alfajiri, mnaunganisha basi na boti ya asubuhi kwenda Koh Tao, majini ni kama saa mbili. Usiku 4 Koh Tao. Usiku 4 Koh Phangan. Usiku wa mwisho Bangkok.

Samui mnaipita tu. Ni kisiwa kizuri, ila kimejengwa kwa watu wenye familia na hoteli za bwawa, na kwa siku zenu 12 hakiwapi kitu ambacho Phangan haitawapa.

Usiku ule wa mwisho Bangkok msiufute ili kuongeza siku ya ufukwe. Boti ikisitishwa na ndege yenu ya kimataifa ni jioni ileile, hakuna wa kuwalipa. Tiketi ya boti mtarudishiwa, ya ndege hapana.

Pezi_na_Mrija

Naunga mkono Tao kabla ya Phangan, na sababu ni ya mwili. Baada ya mbizi kadhaa unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, wengi huweka 24. Mkimaliza Tao kwanza, siku za Phangan zinakula muda huo wote. Mkifanya kinyume, watu wanaingia majini wakiwa wamekaukiwa maji mwilini na hawajalala, na mwalimu akiwanusa pombe anawaacha nchi kavu.

Kwa wale watatu: kozi ya msingi ya Open Water huchukua siku 3 hadi 4 na inakuruhusu kushuka hadi mita 18. Usiku 4 unatosha, lakini waanze mchana uleule wa kufika, hivyo waandikishwe kabla. Masomo ya nadharia siku hizi hufanyika mtandaoni. Wayamalize nyumbani, vinginevyo watatumia jioni zao za kisiwani kusoma.

Kinachoangusha wengi ni fomu ya afya. Ukijibu ndiyo kwenye pumu, kifafa, upasuaji wa masikio au dawa fulani, huingii majini bila barua ya daktari. Ipakueni sasa, kila mmoja aisome, na mwenye "ndiyo" hata moja aende kwa daktari kabla ya safari. Kuficha ni ujinga, kwa sababu mapafu yaliyobana huwa hatari zaidi wakati wa kupanda juu kuliko kushuka. Na mafua: ukiwa na pua iliyoziba huwezi kusawazisha masikio, umepoteza siku.

Wanaobaki juu wanaweza kuogelea kwa miwani na mrija Koh Nang Yuan, visiwa vidogo vitatu vilivyounganishwa na mchanga. Kuna kiingilio cha taslimu, na chupa za plastiki haziruhusiwi kuingia. Mafuta ya jua: tangu 2021 hifadhi za bahari za Thailand zimepiga marufuku yenye kemikali za oxybenzone, octinoxate, 4-methylbenzylidene camphor au butylparaben, faini hadi baht (sarafu ya Thailand) 100,000. Hata nje ya hifadhi vaeni fulana ya mikono mirefu majini. Mgongo ndio unaoungua, na mgongo ulioungua haubebi begi.

Mtunza_Kitita

Swali la pesa.

Msikusanye pesa zote kwa mtu mmoja. Gaweni matumizi mafungu mawili. La kwanza ni la vitu vinavyokatwa kabla: treni, boti, malazi. Kila mtu alipe fungu lake kabla tiketi hazijakatwa, na tarehe ya mwisho iwe ya kweli. Asiyelipa hakatiwi. Hapo ndipo vikundi vingi hufia, maana mmoja anawalipia wenzake watatu kisha anazunguka akidai kama mgambo wa kodi.

La pili ni mfuko wa kila siku kwa vya pamoja tu: magari ya kutoka gatini, maji, vinywaji vya chumbani. Kila mtu anatoa kiasi sawa asubuhi, kikiisha mnachanga tena. Chakula kila mtu ajilipie, kwa sababu mnywaji na asiyekunywa hawawezi kugawana bili kwa amani.

Mashine za benki kule hukata zaidi ya baht 200 kwa kila mara mgeni anapotoa pesa, mbali na makato ya benki yako. Kwa hiyo toeni kiasi kikubwa mara chache. Mashine ikiuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa. Chagua ikutoze kwa baht.

Na 9 ni namba mbaya. Vyumba vya wawili wawili vinamwacha mmoja alipe chumba peke yake. Tafuteni hosteli zenye vyumba vya vitanda 4 na 5, au 3 mara tatu, au mtafute wa kumi.

Kipepeo_Mweusi

Asanteni sana, Phuket imeshafutwa kwenye ratiba. Vipi kuhusu safari ya kundi yenye kiongozi? Na pikipiki, kuna ugumu wowote? Wote tumezoea kuendesha kushoto.

Gati_Namba_Tatu

Kushoto ni sawa na kule, ugumu uko kwenye karatasi. Bila leseni yenye daraja la pikipiki pamoja na kibali cha kimataifa chenye muhuri kwenye daraja hilohilo, bima ya safari inaweza kukataa kulipa hata senti. Anayekodisha hatakuuliza leseni, na hilo lisikudanganye. Phangan ina miteremko mikali, hasa barabara ya kutoka Thong Sala, mji wenye gati, kwenda Haad Rin, ufukwe wa sherehe ya mwezi mpevu, na mchanga kwenye kona. Asiye na leseni apande songthaew, zile pikapu zenye mabenchi nyuma.

Mwenye leseni: usiache pasipoti kama dhamana, toa pesa taslimu na upewe risiti. Piga video ya pikipiki yote kabla ya kuondoka: tumbo la chini, vioo, rimu, kisha mwonyeshe mwenye nayo kwamba umerekodi. Ugomvi wa mikwaruzo ya zamani ndio biashara ya baadhi yao.

Safari yenye kiongozi: kwa watu ambao hawajawahi kusafiri pamoja inafaa, kwa sababu lawama zinakwenda kwa kiongozi. Ila someni sehemu ya "havijajumuishwa" kabla ya bei. Mara nyingi humo mna kiingilio cha hifadhi, milo mingi, na gari la uwanjani ikiwa hamkutua siku waliyoitaja. Ulizeni pia idadi ya chini ya watu: isipofika, wanaahirisha au wanarudisha pesa? Nyie 9 mnakaribia kuwa kundi zima, kwa hiyo ombeni bei ya kundi. Mimi ningejipangia, kwa sababu njia hii ya Ghuba ni tiketi nne tu.

Jambo la boti: mkiripoti mnabandikwa stika ya mahali mnaposhukia. Boti hiyohiyo hutoka Tao, ikapita Phangan, ikaishia Samui. Angalieni stika ya begi na ya kifua zifanane, na dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Karatasi_Kwanza

Naongeza yanayowakwamisha watu kabla hata ya kuona bahari.

Homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda anaingia Thailand kwa cheti cha chanjo. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Hukaguliwa kaunta ya afya, kabla ya foleni ya uhamiaji. Weka kwenye begi la mkononi.

Viza huombwa mtandaoni, kila mmoja na maombi yake. Kadi ya kuingia ya kidijitali, TDAC, ilianza Mei 1, 2025. Inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni BURE. Tovuti inayodai malipo siyo ya serikali.

Umri wa kunywa pombe Thailand ni miaka 20. Mwenzenu wa miaka 19 anaweza kuzuiwa mlangoni, bora ajue sasa. Sigara za kielektroniki ni haramu kabisa, ziacheni nyumbani. Bangi iliruhusiwa 2022, lakini tangu Juni 2025 maua yake yanauzwa kwa cheti cha daktari tu, na kuvuka nayo mpaka ni kesi.

Sherehe ya mwezi mpevu: tarehe husogezwa ikigongana na sikukuu ya Kibuddha, kwa hiyo thibitisheni tarehe iliyotangazwa, msihesabu kwa kalenda ya mwezi. Malazi ya Haad Rin siku hizo hudai usiku kadhaa kwa pamoja. Nendeni na viatu vilivyofungwa, mchanga una vioo. Ule mchezo wa kuruka kamba ya moto unaacha vidonda vya kuungua, na kidonda kibichi hakiruhusiwi majini. Pombe ya kwenye ndoo hununuliwa ikiwa imefungwa na kufunguliwa mbele yenu. Polisi wa watalii ni 1155, gari la wagonjwa 1669. Ziwekwe kwenye simu zote 9.