Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kutoka nje umevaa kike, ukiwa safarini

Kibarazani

Wakuu, habari za leo. Nazungumza na sisi wanaume tunaovaa kike, hasa wale ambao kwa miaka mingi tumevaa ndani ya chumba kilichofungwa komeo, pazia zimeshushwa, redio imewashwa ili hata mlio wa viatu usisikike. Wengi wetu ujasiri wa kuvuka kizingiti tuliupatia safarini, mahali ambapo hakuna shangazi, hakuna jirani, hakuna mtu anayeujua mwendo wako kwa mbali. Naomba tusimuliane. Nianze mimi.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Leeds, umri miaka 46. Julai 2019 nilipanda treni kwenda Manchester, mwendo wa saa moja hivi. Nilikuwa na sababu mbili. Kila Julai kuna sherehe inayoitwa Sparkle, iliyoanza mwaka 2005, inayowakutanisha waliobadili jinsia na sisi wavaaji, mchana kweupe, katika bustani ya Sackville. Sababu ya pili ni kwamba kwenye treni hakuna anayekuomba pasipoti. Waanzaji mlishike hili la pili: safari ya kwanza iwe ya treni au basi, ndani ya nchi unayoishi. Usijitwishe uwanja wa ndege siku hiyohiyo.

Nilifika hotelini Ijumaa mchana. Nikanyoa, nikapaka, nikavaa, saa tatu zikaisha. Halafu nikakaa kitandani, mkoba mapajani. Nilishika kitasa mara mbili nikakiachia. Nilipojichunguza nikaona hofu haikuwa usoni, ilikuwa miguuni: sikuwa na pa kwenda. Mtu asiye na pa kwenda anatembea kama mwizi, anayatafuta macho ya kila anayepita. Chumbani mlikuwa na chai lakini hamkuwa na maziwa. Basi nikajiambia nakwenda kununua maziwa. Duka lilikuwa mtaa wa pili, hatua 200 hazifiki.

Mama wa dukani alipokea hela, akanipa chenji, akaniita mpenzi. Kaskazini mwa Uingereza ndivyo wanavyoitana, dereva kwa abiria, muuzaji kwa mteja, kama mama lishe anavyokuita "mwanangu" akikupa sahani. Aliniita vile jinsi alivyomwita dada aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Nilirudi chumbani na chupa yangu ya maziwa, nikakaa sakafuni nikalia, wanja ukatiririka na sikujali.

Kesho yake nilikosea. Saa nne asubuhi nilitoka na gauni la kumetameta na kisigino kirefu. Watu wakanitazama, na gauni lile hata angelivaa mwanamke wa kuzaliwa kwa saa ile angetazamwa. Nikaangalia wanawake wa rika langu wamevaa nini mtaani: jinzi, sweta, viatu bapa. Nikarudi, nikavaa sketi ya chini ya magoti, sweta, koti refu linalofunika mabega. Macho yakapungua zaidi ya nusu. Mchana wote nilikaa bustanini, karibu na benchi yenye sanamu ya Alan Turing aliyeshika tofaa, mwanahisabati Mwingereza aliyehukumiwa mwaka 1952 kwa kumpenda mwanamume mwenzake. Nilikula chipsi nikiwa nimezungukwa na watu kama mimi. Wengine karibuni.

Mwana wa Ziwa

Asante kaka kwa kufungua. Mimi ni Mkenya wa Kisumu, niko Lowell, Massachusetts. Hapa Wakenya tumejaa, kila duka la mboga unakutana na mtu wa kanisani. Kwa hiyo Lowell sithubutu hata kutoa takataka nimevaa.

Wokovu wangu ulikuwa Provincetown, kijiji cha mwisho kabisa kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod. Tangu mwaka 1975 kila Oktoba kulikuwa na mkutano wa wavaaji, Fantasia Fair, wiki nzima, watu wanakula, wanasoma mashairi, wanatembea tu barabarani na sketi zao. Unapanda feri Boston, dakika 90 hivi uko kule. Kijiji kina barabara moja kuu, Commercial Street, nyembamba, inafuata ufuo, na kutoka karibu kila kona unauona ule mnara wa mawe wa mwaka 1910, wenye mita 77. Huwezi kupotea. Kwa mwenye hofu hilo ni jambo kubwa, maana hutalazimika kumuuliza mtu njia kwa sauti yako.

Sauti ndiyo iliyokuwa ikinitesa. Siku ya pili nilikaa meza moja na mzee wa miaka 70 na kitu, mwanajeshi mstaafu, amevaa sketi ya sufu na shanga. Akanisikia naagiza supu kwa sauti nyembamba ya kujibana. Akaniambia kwa upole niliache koo langu lipumzike. Niongee polepole, niongee chini, nimalizie sentensi bila kukimbia. Wanawake wenye sauti nzito wamejaa duniani, akasema, wasiwasi ndio unaowageuza watu shingo. Nilijaribu kesho yake nikinunua kadi ya posta. Muuzaji alinijibu huku anatafuta stempu.

Nikiwa narudi nilivaa suruali na jaketi yangu ya kawaida, lakini rangi ya kucha sikuitoa mpaka feri ilipoanza kupunguza mwendo bandarini Boston.

Mama Watatu

Mniwie radhi, mimi si mvaaji, ni mke wa mvaaji. Nimesoma hapo juu nikaona niseme, maana na sisi wake tuna siku yetu ya kwanza.

Mzee wangu aliniambia mwaka wa tisa wa ndoa. Sitawaficha, miezi sita ilikuwa migumu. Nilidhani ana mwanamume, nilidhani nimepungukiwa. Tuliongea usiku baada ya usiku, watoto wamelala, mpaka nikaelewa kwamba ni yeye yuleyule. Kiswahili kilinisaidia: "yeye" ni yeye, hakinilazimishi nichague wa kike au wa kiume kila ninapomtaja mume wangu.

Nairobi haiwezekani, familia zetu mbili ziko hapo. Tukaweka akiba, tukaruka mpaka Cape Town. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi wa jinsia na wa mwelekeo wa kimapenzi, na ingawa karatasi haizuii ngumi ya mlevi, mtu anatembea tofauti akijua akifika polisi yeye ndiye mlalamikaji. Nilimtengeneza nyusi mimi mwenyewe. Nikampa kitenge changu nilichoshonesha Eastleigh, kile cha mikono mirefu. Saa kumi jioni tukashuka Sea Point, kwenye ile njia pana ya kando ya bahari, ambako watu hukimbia, wengine wanasukuma watoto, wengine wana mbwa.

Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu. Niligundua haraka kwamba wanawake wawili wa makamo wanaotembea pamoja wakipiga gumzo hakuna anayewaona, tunapitwa kama miti. Nikamwambia, niulize habari za dada yangu na ule mkopo wa shamba, na akauliza, na tukabishana kweli kuhusu ule mkopo, na kilomita mbili zikaisha. Kwenye mkahawa kijana wa kuhudumu akatukaribisha kama mabibi wawili. Mzee wangu aliinamisha uso kwenye menyu muda mrefu sana.

Mashemeji mliooa, msimpeleke mke kabla hajawa tayari. Na tuwekeane masharti mapema. Letu ni moja tu: hakuna picha.

Bahari Mbili

Naandika kwa ufupi na kwa uzito. Mimi ni kijana wa Mombasa, nafanya kazi Muscat. Wenzangu mlioko Ghuba, huku msijaribu. Sheria ya adhabu ya Oman ya mwaka 2018 inampa mwanamume anayeonekana amevaa nguo za kike kifungo cha mwezi 1 hadi mwaka 1, au faini ya riali 100 hadi 300, au vyote viwili. Kuwait mahakama ya katiba iliifuta sheria yao ya "kujifananisha na jinsia nyingine" Februari 2022, lakini hilo lisikudanganye ukatoka barabarani. Na kwa sisi wageni kuna kufukuzwa nchini juu yake. Ujasiri hauhusiani na kwenda jela ugenini.

Mimi nilisubiri likizo, miaka miwili. Nikaenda Bangkok siku nne, na begi langu halikuwa na hata kitambaa kimoja cha kike. Nguo nilinunua hukohuko, soko la Pratunam, gauni mbili za pamba na viatu. Bangkok utawaona kathoey, yaani waliozaliwa wanaume wanaoishi kike, kwenye maduka ya vipodozi na kwenye mikahawa, wanakuhudumia kama muuzaji yeyote. Wao ni maisha yao ya kila siku, mimi nilikuwa nimekopa siku nne, sitaki kujilinganisha nao. Lakini dada mmoja wa duka la wigi alinikalisha kwenye kiti, akanipimisha saba bila haraka, akasema linalofika mabegani ndilo linalonifaa. Alikuwa sahihi.

Siku ya mwisho nilimpa mama wa kufua nguo zile zote, zimekunjwa. Picha nilizifuta kwenye simu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Roho iliniuma, lakini nilizifuta.

Mtu wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Liège, Ubelgiji, nilienda Berlin kwa treni. Nawaletea siku iliyoharibika, maana hizo nazo zipo.

Nilitoka vizuri asubuhi. Nikaenda kwanza kando ya mto Spree, mahali wanapopaita Magnus-Hirschfeld-Ufer. Daktari Hirschfeld alifungua taasisi yake ya utafiti wa mapenzi na jinsia mjini humo mwaka 1919. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwaombea watu kwa polisi hati maalumu, ili wanaovaa nguo za jinsia nyingine wasikamatwe wakitembea. Mei 6, 1933 vijana wa Nazi waliivamia taasisi, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa uwanjani. Nilisimama pale nimevaa sketi, sina hati yoyote mkononi ila tiketi ya metro, nikawaza wale waliotembea mji huu na karatasi mfukoni.

Kwenye metro vijana wanne wakaanza. Wakacheka, mmoja akanipiga picha. Sikuwajibu. Nilikaa karibu na mama mwenye mtoto, kituo kilichofuata nikashuka, nikasimama penye mwanga na watu wengi. Magoti yalikuwa yakitetemeka. Nilitaka kurudi hotelini, nivue, nilale. Lakini nilikuwa nimelipia tiketi ya muziki saa mbili usiku. Nikasubiri treni nyingine, nikapanda. Ukumbini nilikaa safu ya sita. Nusu ya kwanza sikuisikia. Nusu ya pili niliisikia yote.

Kinyozi Mstaafu

Mmeongea vizuri, mimi nina mambo ya mikono tu. Ndevu zetu zimejikunja, ukinyoa kwa kupingana nazo zinaingia ndani na kukutoa vipele. Nyoa usiku wa kuamkia safari, baada ya kuoga maji ya moto, fuata zinakoelekea, wembe mpya. Kivuli cha ndevu kwenye ngozi nyeusi hakifichwi na poda peke yake. Tanguliza rangi ya machungwa iliyoiva, kidogo, ipigepige kwa kidole, ndipo upake ya rangi ya ngozi yako juu. Viatu: vipimo vya Ulaya 43 ni 43, lakini Marekani vya wanawake vimezidi vya wanaume kwa moja na nusu hivi, kwa hiyo wa 9 atafute 10 na nusu. Na mpate dera. Halikunjamani, halibani, linakaa begani mwa mtu yeyote.

Mgeni Kidogo

Nimesoma yote usiku wa Jumatano. Niko Toronto, Jumamosi nilipanda basi kwenda Ottawa peke yangu. Nimetoka leo saa tano asubuhi. Nilijipa kazi ya kununua mwavuli, kwa sababu mvua ilikuwa imetanda, lakini ikanishika kabla sijafika dukani. Mwavuli ninao. Nilimwambia muuzaji asante kwa sauti yangu mwenyewe. Sasa wigi limelowa chapachapa na kesho nataka kutoka tena. Linakaushwaje?

Kinyozi Mstaafu

Hongera mwanangu. Usilichane likiwa bichi. Lifunge kwenye taulo, libonyeze bila kulisokota, kisha liweke juu ya chupa au kitu kirefu usiku kucha. Kama ni la plastiki usilisogezee kikaushio cha moto. Asubuhi anza kuchana nchani, panda juu taratibu.