Fundi "utatoka jasho" wa Dodoma leo umenipata, nipo Kibaigwa gari inachemsha

Binti wa Ihumwa:

Wakuu habari za mchana, ya kwangu mbaya. Nipo Kibaigwa pembeni ya lami, boneti juu, mvuke unatoka mpaka wabeba magunia wanaacha mahindi yao wanakuja kuangalia, na kwa hasira niliyonayo hii gari naisukuma peke yangu mpaka Morogoro.

Simtaji. Mnamjua. Yule fundi wa Dodoma mwenye gereji chini ya mwarobaini, miwani ya jua kaipandisha kwenye kofia asubuhi mpaka usiku, yule ambaye ukisema tu gari inasumbua mji mzima unakuelekeza kwake eti daktari wa magari. Daktari! Yule ukimpa baiskeli anakurudishia toroli.

Sikieni alichonijibu kwenye simu sasa hivi. Namwambia fundi gari imechemsha tena, mshale umegonga juu kabisa, yaani imekuwa mbaya kuliko nilivyokuletea. Yeye anatafuna. Namsikia kabisa anatafuna, anameza, anashushia na maji, ndio ananijibu: "Dada, gari ya mwaka 98 hiyo, hata wewe ukikimbizwa kutoka Dodoma mpaka Gairo si utatoka jasho?" Na simu kaweka spika, maana vijana wake wote huko nyuma wakaangua kicheko. Utatoka jasho! Mimi! Nimetoa laki na themanini halafu naambiwa nitatoka jasho!

Gari ni Carina Ti, ya zamani ndio, ila imetunzwa. Mjini haina shida yoyote, zunguka Majengo, zunguka Sabasaba, kaa foleni AC imewashwa, mshale umetulia katikati. Shida yake moja tu na nilimweleza kwa Kiswahili cha darasa la kwanza: ikishatoka mjini ikakimbia mia, mia na kumi kwa muda, mshale unaanza kupanda. Nikishuka sitini, unashuka. Basi. Mtoto mdogo angeuliza kwa nini ichemshe ikikimbia tu. Yeye hakuuliza. Kaiwasha imesimama hapohapo chini ya mwarobaini, kasikiliza huku anachati, kaweka kiganja juu ya rejeta, ile ya kupozea maji ya injini, kasema tatizo feni. Akaunga feni direkti iwe inazunguka muda wote. Halafu akang'oa themostati, kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, akaitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, "hizi za nchi za baridi dada, huku kwetu hazina kazi". Nikamwomba tuitoe barabarani tuijaribu, hata tufike Ihumwa tu turudi, akasema yeye kazi yake kutengeneza gari sio kutembea.

Sasa gari ikiwa mia feni ya nini jamani, upepo wote ule unaoingia mbele hautoshi?

Aliyenionyesha tatizo ni utingo wa lori, kijana wa watu hana gereji hana miwani. Kasubiri ipoe, kaongeza maji, kaniambia washa. Akavuta waya wa mafuta kwa mkono palepale kwenye injini mpaka mizunguko ikapanda, akaniita njoo uone. Hozi ya chini ya rejeta, ile inayopeleka maji kwenye injini, inanywea mbele ya macho yangu. Imebonyea mpaka ikawa bapa. Akaachia, ikajaa. Akavuta tena, ikabonyea tena. Akasema dada, pampu inavuta maji hayaji, huu mpira umelainika springi ya ndani imeoza, na rejeta yako nadhani nayo imeziba, ukienda taratibu maji yanapita, ukikimbia unaifunga njia mwenyewe. Dakika tano! Na yule mwingine alikaa na gari yangu mpaka nikawa napanda bodaboda kwenda kazini, hiyo hozi hakuigusa hata kwa kidole, halafu UTATOKA JASHO.

Na siti ya nyuma kuna keki. Sendoff ya mdogo wangu Moro jioni hii, keki ya ngazi tatu, krimu ya upande wa dirishani imeanza kuteremka, ua moja limeshadondoka kwenye siti. Kila nikigeuka nikaiona hiyo keki nasikia vile vicheko. Anatafuna, ananiambia mimi nitatoka jasho.

Semeni ni wangapi kawafanyia hivi. Na hela yangu nataka.

Mzee wa Nkuhungu:

Nimewahi siti ya mbele. Ila dada hapo kwenye jasho fundi kaongea ukweli hahahaha

Kanyaga Twende:

Mia na kumi njia hiyo yenye tochi za trafiki za kupima mwendo kila kijiji? Shukuru inachemsha, ungeshaandikiwa tangu Chamwino. Carina Ti unataka ishindane na V8 za serikali.

Binti wa Ihumwa:

Kanyaga nimeuliza habari za tochi mimi? Na wewe mzee wa Nkuhungu bila shaka ni mmoja wa waliokuwa wanacheka nyuma.

Spana Kumi na Mbili:

Mbukwenyi wakuu. Mimi fundi, siongei kumtetea mtu. Gari inayochemsha kwenye foleni halafu ikapoa ikikimbia, hiyo anza na feni. Inayotulia mjini ikachemsha barabarani, feni haihusiki, hapo ama maji hayazunguki ya kutosha ama rejeta haitoi joto. Rejeta imeziba ndani, imezibwa nje na vumbi na wadudu, hozi ya chini inanywea, mapanga ya pampu yameliwa na kutu, au gasketi ya hedi inapitisha moto kwenye maji. Na ukitaka kuijua rejeta iliyoziba, zima injini ikiwa na moto, pitisha mkono kwa uangalifu usije ukaungua, sehemu zilizoziba utazikuta zimepoa wakati pembeni pana moto. Huku kwetu wengi wanajaza maji ya bomba, haya yetu ya chumvi, na sufuria zenu mnaziona ukoko uliomo, sasa fikiria vile vijitundu vya rejeta.

Themostati ndio inaniuma zaidi. Injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili chini, ikifunguka ile juu kile kisahani kinafunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Vitabu vya matengenezo vya Toyota wenyewe vinakataza kuitoa hata kama injini inachemsha. Kwa hiyo dada hujakosea, imekuwa mbaya zaidi kwa sababu kaing'oa.

Na angalia mfuniko wa rejeta. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Mfuniko mzima ule wa presha ya 0.9 bar unayabana mpaka yapite 110 bila kuchemka. Mpira wake ukichoka huna kitu. ILA USIUFUNGUE UKIWA NA MOTO, nimeshaona mtu kaungua uso.

Binti wa Ihumwa:

Asante fundi, ubarikiwe. Mnaona? Mtu kaeleza bila kutafuna. Yule alikuwa na hii elimu yote ya kuniambia akachagua kuniambia nitatoka jasho.

Chuma Chakavu:

Afadhali wewe kakung'olea themostati. Mimi kama ni huyohuyo nilimpelekea gari abadilishe breki pedi tu, naichukua jioni inanguruma mtaa mzima watoto wanatoka nje. Kumbe masega ya eksozi, yale ya ndani yanayosafisha moshi, kayatoa kauza. Nikimuuliza anasema "ilikuja hivihivi bosi". Ilikuja hivihivi! Nimeendesha ile gari miaka yote sijui sauti yake?

Kanyaga Twende:

Ni huyu mwenye ovaroli ya bluu?

Chuma Chakavu:

Wangu ovaroli ya kijani, ila mwarobaini upo.

Mzee wa Nkuhungu:

Dodoma gereji gani haina mwarobaini nyie watu. Mnamshtaki mti.

Binti wa Ihumwa:

Ni huyohuyo. Chuma muulize kama anatafuna akiongea na simu.

Reli Kwanza:

Watu mna moyo. Treni ya SGR ipo tangu 2024, unapanda Dodoma unashuka Moro, hujui boneti ni nini. Mimi gari yangu inaishia stesheni.

Ubungo Hadi Nanenane:

Na hiyo keki ya ngazi tatu angeibeba mapajani? Halafu tiketi za Ijumaa jioni unazipata wapi, mimi nilikaa kwenye simu ile programu inazunguka tu inazunguka, ikija kufunguka treni imejaa. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Reli Kwanza:

Wewe unakata siku ya safari halafu unalaumu programu.

Mama Wawili:

Dada pole sana, ila hayo mambo ya mafundi sio ya magari tu. Mimi fundi cherehani wa hapa Area C kanipotezea kitambaa cha sare ya harusi ya dada yangu, siku ya kuchukua ananipa gauni la mtu mwingine eti "jaribu tu mama litakukaa". Ukumbi mzima wamevaa zambarau mimi nimevaa chungwa, kwenye kila picha nipo pembeni. Mpaka leo dada yangu haziweki hizo picha sebuleni.

Kanyaga Twende:

Hahaha litakukaa. Mafundi cherehani ni kiboko, kila ukienda "bado kifungo tu", na kitambaa hakijakatwa.

Binti wa Ihumwa:

Jamani turudi kwenye mada. Utingo kapata hozi ya lori kaikata kipande anajaribu kuifunga na klampu. Nikifika Moro nampigia tena yule mtu na mimi nitaweka spika.

Mzee wa Nkuhungu:

Swali la msingi, keki ya ladha gani?

Binti wa Ihumwa:

Vanila na zabibu kavu. Inakuhusu nini?

Mama Wawili:

Zabibu kavu na jua la Kibaigwa, iwekee kitenge dirishani haraka, na hilo ua lililodondoka usilibandike na mate uliza mimi. Ila keki za siku hizi nazo, krimu inayeyuka hata ukumbini. Laki tatu mtu anakupa sukari na rangi.

Spana Kumi na Mbili:

Dada, hozi ya lori hakikisha kipenyo kinalingana, na usipite sitini mpaka Moro, ukifika rejeta itolewe yote isafishwe na themostati mpya irudishwe.

Ubungo Hadi Nanenane:

Laki tatu? Mimi nimetoa laki nne na nusu, wameandika HONGERA NAOMI, mke wangu anaitwa Neema. Naomi ni nani? Ndivyo alivyoniuliza mama mkwe, kipaza sauti kiko mkononi.

Mama Wawili:

Wewe hilo fungulia uzi wake kabisa. Huyo mpishi ni yule wa Kisasa?

Ubungo Hadi Nanenane:

Simtaji. Mnamjua.

Kanyaga Twende:

Yule anayechelewa halafu anakuja na keki kwenye bodaboda? Kaniharibia ubarikio wa mtoto huyo, kaa hapo nikuhadithie.