Pasi ya nywele ipi inafaa kipilipili yenye rangi kwenye ncha?

Ua_la_Asubuhi
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimezunguka madukani mpaka kichwa kinauma. Nataka pasi ya nywele ya kwangu mwenyewe ya kutumia nyumbani. Nywele zangu ni za asili, sijatia dawa, kipilipili haswa na zimejaa kweli kweli, ila kwenye ncha nimepaka rangi ya kahawia na zilibulichiwa kwanza. Sasa kila muuzaji ana lake, mmoja ananiambia chukua titaniamu inayofika digrii 230 maana nywele zako ngumu, mwingine anasema seramiki ndo salama, afu kuna zile za bei ya chini kabisa hazina namba yoyote ni swichi tu ya kuwasha na kuzima. Na upana nao, nyingine nyembamba kama kidole nyingine pana. Nianzie wapi jamani? Nataka kunyoosha mara moja moja tu, nikiosha misokoto yangu irudi.

msusi_wa_siku_nyingi
Mdogo wangu, anza na unywele mmoja kabla hujaanza na pasi. Chukua uliobaki kwenye kitana uuviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiusikia wazi kama uzi wa kushonea huo ni mnene, ukiwa huusikii karibu kabisa basi ni mwembamba. Watu wengi wanachanganya hapa, nywele kujaa na unywele kuwa mnene ni vitu viwili tofauti. Kipilipili nyingi nilizoshika unywele wake ni mwembamba sana, zinaonekana ngumu kwa sababu zimejisokota na ni nyingi, na kila pale unywele unapojikunja ndo penye udhaifu wake. Kwa hiyo huyo anayekwambia kipilipili lazima 230 simuungi mkono hata kidogo.

Mi napima hivi: nyembamba, zilizobulichiwa au zilizochoka, zisivuke 150. Za kati, 150 mpaka 180. Nene na zenye afya, 180 hadi 200. Zaidi ya hapo sioni sababu mtu wa nyumbani apandishe. Sasa wewe una nywele za aina mbili kwenye kichwa kimoja, juu, kama unywele ni wa kati, zinaweza kuvumilia 170 hivi lakini ncha zilizobulichiwa hazitaki, unashusha au unaziruka kabisa. Ndo maana kitu cha kwanza cha kuangalia ni pasi unayoweza kupanga joto lake kwa namba. Hiyo ya swichi tu achana nayo hata kama ni nzuri kwa macho, hujui inachoma kwa ngapi.

Na hilo la misokoto kurudi: joto linalegeza vile viungo vidogo vya ndani ya unywele ambavyo hata maji huvilegeza, zikipoa vinashika upya zikiwa zimenyooka, ndo maana ukitoka jasho au hewa ikiwa na unyevu zinaanza kujikunja. Mpaka hapo hamna hasara. Ila joto likizidi inaharibika keratini yenyewe, ile protini inayojenga unywele, na hapo uoshe usioshe msokoto haurudi, zile zilizolegea zitabaki hivyo hivyo mpaka zikue mpya uzikate. Hamna mafuta wala tritimenti ya kurudisha hilo, atakayekuuzia anakudanganya.

Neema_K
Naongezea kidogo, titaniamu sio adui jamani. Nywele zangu nene kweli na seramiki ilikuwa inanifanya nirudie rudie sehemu moja, na kurudia nako ni kuchoma. Bora joto la kutosha mara moja kuliko joto dogo mara nyingi.

msusi_wa_siku_nyingi
Neema hilo ni kweli kabisa na kwa nywele zako nakubali. Ila titaniamu inapeleka joto kwenye unywele haraka sana, mkono ukisita kidogo tu imeshaunguza. Kwa mtu anayeanza na mwenye ncha zilizobulichiwa bado nasema seramiki, ina joto la kusambaa vizuri na inasamehe.

fundi_waya
Mi mwanaume lakini hizi pasi natengeneza, niseme ninachokiona mezani. Nyingi zinazoandikwa seramiki ni alumini iliyopakwa seramiki juu, ile ngozi ikichubuka nywele zinakwama na joto linakuwa halilingani, sehemu moja inaunguza nyingine haifiki. Kwa hiyo pitisha kidole kwenye pleti ikiwa ya baridi, ukisikia mkwaruzo usinunue, na hata ya zamani nyumbani ikishachubuka iache. Angalia pia pleti zinacheza kidogo zikibanwa, zikikutana vizuri mwanzo mpaka mwisho hutaminya kwa nguvu.

Halafu dada soma lebo ya umeme. Ikiwa ya volti 110 peke yake ukaichomeka kwenye 220 au 240 inaungua hapo hapo, iliyoandikwa 100-240 ndo ya kwenda nayo popote. Waya uwe unazunguka pale unapoingia kwenye mpini maana ndipo zinapokatikia nyingi, na inayojizima yenyewe ukiisahau ni bora zaidi.

Ua_la_Asubuhi
Asanteni sana, nimeviringisha unywele na kwa kweli siusikii, kumbe ni nyembamba! Na upana je? Afu spreyi ya kukinga joto ina kazi au ni biashara tu?

msusi_wa_siku_nyingi
Upana wa sentimita 2.5 hivi unatosha watu wengi. Nyembamba kuliko hapo ni ya nywele fupi na kingo za mbele, pana ya 4 au 5 ni ya ndefu zilizojaa lakini haifiki vizuri karibu na ngozi.

Spreyi ina kazi, haizuii joto lote ila inapunguza kasi ya kuingia, ipake kidogo uiache ikauke kabisa. Kukauka ndo nasisitiza kuliko vyote. Ukipasi nywele zenye maji, yale maji yanachemka ndani ya unywele yanageuka mvuke na kuacha vipovu, unywele unakatikia hapo. Ukisikia sauti kama ya kukaanga simama, rudi kwenye draya. Mafuta mazito weka baadaye, sio kabla. Gawa mafungu madogo, kitana kitangulie pasi ifuate nyuma yake, usisimame njiani.

Neema_K
Na zile brashi za umeme?

msusi_wa_siku_nyingi
Zinalainisha na kurefusha, hazinyooshi mpaka zikalala. Kwa mwenye kipilipili anayetaka mjao wake ubaki ni nzuri, ila nayo iwe na namba za joto.