Naombeni ushauri: nashona begi la Indiana Jones, kitambaa na mkanda wa ngozi, la kwanza limeniharibikia

BintiChumbageni:

Wakuu habari za saa hizi. Nimekwama na muda unakwenda.

Mzee wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Tulivyokuwa wadogo Tanga alikuwa na kanda ya video ya Raiders of the Lost Ark, ile filamu ya 1981 ya Indiana Jones, yule mtafuta vitu vya kale, basi Jumapili jioni umeme ukiwepo tunajaa mkekani yeye anatutafsiria, na akikosa neno anatunga la kwake, sisi tunaamini yote. Wenzangu walikuwa wanapenda kofia na mjeledi, mimi macho yangu kwenye begi. Na mzee kila mara anasema, begi kama lile ningekuwa naenda nalo shamba. Hakuwahi kulipata, ndo nimeamua nimshonee mwenyewe kwa mikono yangu, sitaki kununua.

Kwa wasiolijua, lile asili yake ni mfuko wa kubebea kinyago cha gesi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili, unaitwa Mark VII. Watu wa mavazi ya filamu waliuchukua, wakatoa mkanda wake wa kitambaa wakaweka wa ngozi. (Hadithi ya filamu ni 1936 kwa hiyo kwa kweli mfuko ule ulikuwa bado haujakuwepo, ila kwa mzee wangu hilo si tatizo.)

Sasa nilichofanya. Nilinunua Kariakoo kitambaa kigumu cha kaki, muuzaji akaniapia ni kanvasi, nikakata nikashona kwa cherehani yangu ndogo ya umeme. Nikakiloweka kwenye chai ya rangi usiku kucha ili kionekane cha zamani, asubuhi nakitoa kiko vilevile kinang'aa kama sare ya shule. Mkanda nao nilinunua ngozi ya mita, kuukunja mara tatu tu ile rangi ya juu ikaanza kubanduka kama ganda la ndizi. Halafu nilivyotia daftari mbili na chupa ya maji ndani, pale mkanda ulipoungana na begi kitambaa kikachanika. Nililia jamani sitaki kuwadanganya.

Naomba kujua kitambaa gani hasa, ngozi nitaijuaje, na mkanda niufungeje usichane. Na kulichakaza lifanane na la kwenye filamu. Wiki 3 zimebaki.

FundiNgozi_Ilala:

Dada pole sana, na hongera kwa moyo huo kwa mzee.

Nianze na ngozi maana ndo kazi yangu miaka mingi. Uliyouziwa ni ile ya chini iliyochanwa, wanaipaka plastiki juu ili ing'ae, ndo maana inabanduka. Wewe unataka ngozi ya ng'ombe nzima iliyolainishwa kwa dawa ya magome, siyo ya kemikali za kromi. Utaijua hivi: angalia pale ilipokatwa pembeni, ya kromi katikati ina rangi kama ya bluu au kijivu, ya magome ni kahawia mpaka ndani. Halafu tia tone moja la maji juu yake, ya magome inakunywa na pale panakuwa peusi kidogo, ile ya plastiki tone linakaa linateleza tu. Miti ya miwati inayolimwa kule Njombe magome yake ndo yanatoa dawa hiyo, kwa hiyo usiambiwe lazima itoke nje.

Unene milimita 3 inatosha. Na mwambie akukatie sehemu ya mgongoni, kwa urefu wa mgongo. Ya tumboni inavutika, baada ya miezi sita begi linamgonga mzee magotini.

Usishone kwa mashine. Toboa kwa msharasi, uzi mmoja sindano mbili, moja inaingia kulia nyingine kushoto kwenye tundu lilelile, uzi umepakwa nta ya nyuki. Mshono wa hivyo hata uzi ukikatika sehemu moja, kwingine kunashika. Wa mashine ukikatika unafumuka wote.

mama_cherehani_mza:

Mwanangu hicho kitambaa si pamba, ndo maana chai imekikataa. Polista hainywi chai hata uichemshe mwaka mzima. Siku nyingine ukienda dukani omba kipande kidogo kama kidole, toka nje ukichome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, majivu yanakuwa laini ya kijivu. Polista inayeyuka, inanuka plastiki na inabaki kitu kigumu kama shanga nyeusi. Muuzaji akikataa kukupa kipande nenda duka la jirani.

Na usiseme turubai peke yake maana utaletewa la plastiki la kufunikia magari. Sema turubai la pamba, yale ya mahema ya zamani. Mimi nilipata kwenye mitumba, lilikuwa pazia zito la mtu huko Ulaya, pamba tupu na tayari limeshapauka kwa jua.

Jambo kubwa, LIFUE KABLA YA KUKATA. Kwa maji ya moto, likauke, lifue tena. Kanvasi ya pamba inarudi, ukishona kwanza ukafua baadaye begi linajikunja na mishono inavutana, na kazi yote imekwenda na maji.

Kuhusu cherehani, hiyo ndogo ya umeme utaiua bure. Tafuta mwenye ya kukanyaga, zile nyeusi za zamani, sindano namba 16 au 18. Pale kitambaa kinapokutana tabaka nne, kwanza gonga mshono kwa nyundo ulale, halafu usikanyage, zungusha gurudumu kwa mkono tundu moja moja. Inaruka uzi kwa sababu watu wana haraka.

Msafiri_Leicester:

Salama dada. Mimi niko Uingereza na mfuko wenyewe wa Mark VII ninao, nilinunua kwenye soko la vitu vya kale, umekuwa wa kuwekea vifaa vya kuvulia samaki. Nimeutoa kabatini sasa hivi nimeupima.

Ni mraba karibu kabisa, sentimita 28 hivi kila upande, unene kama upana wa vidole vinne. Mfuniko wa juu unafungwa na vifungo viwili vya chuma vya kubonyeza. Chini kuna vipete vidogo vya chuma kama vya matundu ya viatu, maji yakiingia yatoke. Ndani umegawanywa vyumba, kwa sababu kinyago kilikaa kwake na vikorokoro vingine kwao. Usiache kugawanya ndani, begi likiwa tupu linalala kama mfuko wa sokoni, ule mgawanyo ndo unalifanya lisimame.

Rangi msiumizane vichwa, ilikuwa inatofautiana, mingine imeelekea kijani mingine udongo. Ndani ya wangu kuna muhuri wa mwaka na ile alama ya mshale ya jeshi lao.

kaka_wa_Kariokor:

Niaje dada, mimi niko Nairobi. Hiyo alama ya mshale weka pia, unachonga kwa kiazi unapiga na wino, itakaa original kabisa. Na kama rangi imekataa weka jiki kidogo ipauke haraka, kazi ya siku moja.

mama_cherehani_mza:

Jiki hapana tafadhali. Inakula nyuzi za pamba, leo linaonekana zuri, baada ya mwaka linachanika lenyewe, na huyu dada tayari lake limeshachanika moja. Chai inatosha. Chukua majani gramu 100 kwa maji lita 5, chemsha yatoke weusi, chuja, kitambaa kiingie kikiwa kimelowa tayari ndo hakiwi na mabaka, halafu kigeuzegeuze. Masaa mawili, toa uone, ukitaka zaidi rudisha. Kikikauka kinakuwa chepesi kuliko kilivyokuwa kwenye maji kwa hiyo usiogope.

Mwanasheria_wa_mtaani:

Na muhuri wa jeshi mimi nashauri uache kabisa, hata kama ni jeshi la zamani la nchi nyingine. Hapa kwetu raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na mtu akimsimamisha mzee barabarani hatakuwa na muda wa kusikiliza habari za filamu. Kaki ya kawaida haina shida. Kitambaa cha mabakamabaka usikiguse hata kama umekipata bei ya kutupa. Mzee wa miaka 70 asipate usumbufu kwa ajili ya zawadi.

kaka_wa_Kariokor:

Hapo sawa, sikuwa nimefikiria, hata huku kwetu hiyo maneno ni hatari. Nimeondoa hiyo ya mshale. Na mama, asante kwa ya jiki, nilikuwa natumia kwa mabegi ya customers sikujua.

Dada, ya mkanda wacha nikupe yangu. Kitambaa kilichanika kwa sababu uzito wote ulikuwa kwa mstari mmoja wa uzi. Weka kiraka cha ngozi ndani, kiwe kikubwa kuliko mwisho wa mkanda kila upande, kanvasi inakaa katikati kama sandwichi. Shona mraba halafu msalaba ndani ya huo mraba, ndio upige ribiti mbili. Uzito unatawanyika. Usitegemee ribiti pekee, hiyo inakata kitambaa kama mashine ya kutobolea karatasi.

FundiNgozi_Ilala:

Hapo umenena kaka. Niongeze kwamba pembe za kiraka zizungushe, zikiwa kali ndo pakuanzia kuchanika.

Kuhusu kuchakaza, yule mbunifu wa mavazi wa ile filamu, Deborah Nadoolman, jaketi la Indiana Jones alilichakaza kwa kisu cha mfukoni cha Harrison Ford, mwigizaji mwenyewe wa Indiana Jones, na brashi ya waya. Basi na wewe fanya hivyo lakini kwa akili. Jiulize mkono wa mtu unagusa wapi. Ncha ya mfuniko, pembe za chini, mkanda pale unapokaa begani. Hapo ndo pakwangue kwa msasa, kwingine paache. Watu wengi wanasugua begi zima sawasawa na linakuwa kama limeoshwa na mawe, halina maisha. Ngozi ipake mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa, itaiva rangi yenyewe, kisha uikunjekunje kwa mikono ukiwa unaangalia hata taarifa ya habari.

BintiChumbageni:

Jamani sijui niwashukuru vipi. Narudi na majibu, ni siku ya 11 leo.

Nimepata pazia la pamba kwenye mitumba pale Karume, nimelichoma kipande, majivu laini! Nikalifua mara mbili likarudi karibu vidole viwili kwa mita, mama cherehani ningelikata kabla ningekoma. Chai imeshika vizuri, rangi imekuwa ya udongo wa Handeni kabisa, na kuna sehemu pazia lilikuwa limekunjwa miaka imebaki mstari mweupe, nimeupanga uangukie kwenye mfuniko. Nimeshonewa na jirani mwenye cherehani ya kukanyaga, mimi nazungusha gurudumu yeye anashika kitambaa, vyumba viwili ndani, nimefuata vipimo vya kaka wa Leicester.

Kiraka nimeweka. Jana nimelitundika msumarini na kilo 6 za mchele ndani usiku mzima, asubuhi nimechungulia kwa hofu, hata uzi mmoja haujasogea.

Kilichobaki ni mkanda. Ngozi nimepata ya kahawia mpaka ndani lakini kutoboa kwa msharasi matundu yangu yanakwenda upande, mstari unakuwa kama nyoka. Na vile vifungo vya kubonyeza nimenunua lakini sina kifaa cha kuvigonga. FundiNgozi, samahani kaka, upo Ilala Jumamosi?

FundiNgozi_Ilala:

Nipo. Njoo kabla ya saa nne, jua likiwa kali wateja wananijaa. Mkanda usiutoboe tena, chora tu mstari kwa uma wa chakula, meno yake yanakupa nafasi sawasawa za matundu, nitakuonyesha mkono unavyokaa halafu utashona mwenyewe hapohapo. Vifungo vilete vyote, na kipande cha kitambaa kilichobaki tujaribie kwanza.

Msafiri_Leicester:

Dada ukimaliza tupigie picha mzee akiwa amelivaa, mkanda upite chini ya jaketi kama kwenye filamu.

BintiChumbageni:

Nitapiga. Jaketi analo, la kaunda suti.