Diski tatu, laptopu moja, studio ya chumbani Nyalenda: nipange vipi?

ChumbaChaSauti (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Naomba mnishike mkono kabla sijaharibu kitu.

Nina studio ndogo ya chumbani hapa Nyalenda. Narekodi kwaya za kanisa, vijana wa rapu wawili watatu, na siku hizi wazee wa ala za asili. Laptopu ni ex-UK, i5, RAM GB 8, na ndani ina diski ya kawaida ya GB 500, ile ya kuzunguka mara 5400 kwa dakika. Kila kitu kimo humo: Windows, Reaper (programu ninayorekodia), sampuli za piano na ngoma (sauti zilizokwisha rekodiwa), projekti, hadi picha za harusi ya shemeji. Nje nina diski ya USB ya TB 1, na ndiyo narekodia siku hizi kwa sababu ya ndani imejaa. Wiki iliyopita nilinunua SSD (diski isiyo na kitu cha kuzunguka) ya GB 240, bado imo kwenye boksi lake.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Jumamosi alikuja mzee mmoja kutoka Siaya kupiga orutu. Mnaoijua orutu mnajua: uzi mmoja, upinde mmoja, na mzee akishapata moto hakuna cha kumwambia "turudie hapo". Alipiga dakika kumi na moja mfululizo. Mimi nimevaa hedifoni nasikia tik... tik-tik... katikati ya sauti. Nikajipa moyo kwamba ni hedifoni. Kumbe rekodi yenyewe imekatikakatika. Halafu usiku nikafungua projekti ya kwaya, Reaper ikasema faili kumi na nne hazionekani, na asubuhi yake zilikuwepo!

Kuna video nimeona inashauri diski igawanywe sehemu tatu: Windows C, kurekodi D, sampuli E. Nifanye hivyo? Au ninunue diski nyingine ya kasi? Mfukoni nina elfu saba tu.

BitiKali254

Uza hiyo laptopu, chukua ya kisasa. Shida imeisha.

ChumbaChaSauti

Sawa kaka, na wewe utanilipia kodi ya nyumba.

FundiLanet (Nakuru)

Kaka, hiyo ya kugawa diski moja sehemu tatu iache kabisa. Mfikirie muuza samaki pale Dunga mwenye kisu kimoja. Hata umpangie meza tatu, kisu ni kile kile, na sasa atakuwa anakimbia huku na huko kati ya meza. Diski ya kuzunguka ina kichwa cha kusomea ambacho lazima kisogee kufuata data ilipo. Windows ikiwa mwanzo wa diski na treki zako mwisho wake, umekiongezea safari. Kugawa kunasaidia kupanga vitu, hakuongezi kasi hata chembe.

Tupige hesabu ndiyo uone kasi si tatizo lako. Treki moja ya mono (sauti ya maikrofoni moja), kwa ubora wa biti 24 na kHz 48, inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye treki kumi na mbili haufiki MB 520. Hata ukirekodi treki nane kwa mpigo, unaandika kama MB 1.2 kwa sekunde. Diski yako hiyo hiyo ya 5400, ikiandika kwa mfululizo, inaweza makumi ya MB kwa sekunde bila jasho. Sasa mzee mmoja na orutu moja, maikrofoni moja au mbili, diski ishindwe? Hapana. Kuna kitu kingine.

Nijibu matatu: diski ya nje umeichomeka wapi, intafesi (kile kisanduku cha kuingizia maikrofoni) umeichomeka wapi, na bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata) umeiweka ngapi?

KinandaChaZamani (Nakuru)

Fundi, kwa heshima, mimi nimerekodi tangu enzi za kompyuta za mezani zenye zile nyaya pana za IDE za kuunganishia diski, na sheria ilikuwa moja: Windows diski yake, sauti diski yake, sampuli diski yake. Ilifanya kazi. Msiwaambie vijana kwamba ni hadithi.

FundiLanet (Nakuru)

Mzee wangu, si hadithi, na sikusema ni hadithi. Diski tatu ni visu vitatu. Nilichokataa ni diski moja kujifanya tatu. Ila SSD haina kichwa cha kusogea, ndiyo maana siku hizi Windows na sauti zinaweza kukaa pamoja kwenye SSD moja bila kugombana, kwa studio ndogo kama hii ya kijana. Mtu mwenye maktaba kubwa za okestra, zile zinazosomwa kutoka diskini kila ukibonyeza kinanda, huyo bado atatafuta SSD ya pili.

ChumbaChaSauti

Fundi, laptopu ina matundu matatu ya USB, moja limelegea. Kwa hiyo nina habu ya USB, ile ya matundu manne ya bei ya chini, na humo nimechomeka intafesi, diski ya nje na kinanda cha MIDI (cha kupigia piano iliyo ndani ya kompyuta). Kipanya kiko peke yake. Bafa iko 64, niliambiwa ikiwa ndogo ndiyo bora.

FundiLanet (Nakuru)

Hapo sasa! Kipanya umekipa nyumba nzima, na intafesi umeilaza sebuleni na wageni.

Habu hiyo ina mlango mmoja tu wa kuingia kwenye laptopu. Intafesi inataka data ipite kwa mpangilio, bila kuchelewa hata kidogo. Diski inapoanza kuandika inajaza njia, tena inavuta umeme kutoka mlango ule ule. Hapo ndipo tik-tik huzaliwa. Intafesi ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, peke yake. Kipanya na kinanda ndio wakae kwenye habu. Bafa ipandishe hadi 256 unaporekodi mzee wa orutu, maana bafa kubwa huchelewesha sauti kidogo, na yeye hajisikilizi kupitia kompyuta. Ukija kupiga kinanda cha MIDI, ishushe.

Jambo jingine: Windows huwa imepangiwa kulaza diski ikikaa bila kazi, mara nyingi baada ya dakika 20. Mzee anasimulia habari za ujana wake, nusu saa imepita, diski ya nje imesinzia. Ukibonyeza kurekodi inachukua sekunde kadhaa kuamka. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, zima hiyo.

Sasa mpangilio. SSD iingie ndani mahali pa ile ya GB 500. Iwe na Windows, Reaper, piano unayoitumia kila siku na projekti zinazoendelea, basi. Usiijaze hadi pomoni, acha kama GB 40 wazi. Ile ya zamani, kama laptopu yako ina DVD, kuna fremu ya plastiki inayoingia pale na kubeba diski. Pima kwanza unene wa DVD kwa rula, kuna za milimita 9.5 na za 12.7, na ukinunua isiyo yako haiingii hata ukisali. Hapo weka nyimbo zilizokwisha na sampuli za mara moja moja. Kabla ya kuiamini, ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski. Ikija buluu, sawa. Ikija manjano, hamisha mali usiku huo huo.

Diski ya nje usirekodie tena. Ni ya bekapu, na ikimaliza inachomolewa.

DadaMiksi (Kisumu)

Omera, faili zako kumi na nne hazijapotea, usilie. Kuna siku ulichomeka flashi kwanza ndipo ukachomeka diski ya nje? Flashi ilichukua herufi E, diski ikawa F. Reaper inatafuta kwaya E, kumbe kwaya imehamia F. Mimi ilinitesa mwezi mzima nikadhani nimerogwa.

Ingia sehemu ya Windows ya kusimamia diski, ipe diski ya nje herufi ya mbali, mimi yangu ni M. Haitagombana na flashi tena. Kisha fungua kila projekti, hifadhi kwa jina jipya, na uweke tiki kwenye kile kisanduku cha kunakili sauti zote ziingie kwenye folda ya projekti. Kila wimbo folda yake, kila kitu chake ndani. Na uhifadhi projekti KABLA ya kurekodi, la sivyo Reaper inatupa sauti kwenye folda yake ya kawaida na utazitafuta kama mbuzi aliyekata kamba.

Majina pia. Nilikuta folda ya mtu ina "wimbo mpya", "wimbo mpya 2" na "mwisho kabisa sasa". Anza na mwaka na mwezi, kisha msanii.

MwalimuWaKwaya (Kakamega)

Wanangu, nimesoma yote na bado hakuna aliyegusa linaloniuma.

Nilikuwa na diski mbili, zimepangwa vizuri kama vitabu vya kabatini. Kwaya ya watoto miaka minne, na ngoma za isukuti tulizozirekodi kijijini kwenye mazishi na harusi. Laptopu na diski zote mbili vilikuwa kwenye begi moja. Begi likaondoka stendi na mtu nisiyemjua. Bekapu ilikuwepo, ndiyo, iliondoka naye.

Nakala ziwe tatu, na moja ilale nyumba nyingine. Huyo mzee wa Siaya hatarudi kupiga dakika zile kumi na moja.

FundiLanet (Nakuru)

Pole sana mwalimu. Na ni kweli, hapo nilipita haraka. Elfu saba ya kijana isiende kwenye kasi, iende kwenye diski ya pili ya nje, hata ikiwa ya mtumba, mradi imepimwa. SSD nayo ina tabia moja mbaya: diski ya kuzunguka mara nyingi hulia kabla ya kufa, SSD inaweza kuzima kimya leo saa nne na ukawa umemaliza.

Kaka, betri ya laptopu inashika?

ChumbaChaSauti

Dakika tatu...

FundiLanet (Nakuru)

Basi betri mbele ya fremu ya DVD. Kisumu mvua ya jioni ikija na radi unajua stima inavyofanya. Ikikatika katikati ya kuandika, unaweza kupoteza faili iliyokuwa wazi, ukikosa bahati na folda nzima.

BitiKali254

Si apandishe tu mtandaoni?

DadaMiksi (Kisumu)

Saa moja ya kwaya ya treki nane ni GB 4 na ushee, na bando analipa nani? Nyimbo zilizokwisha azigeuze FLAC (aina ya faili la sauti lililobanwa), hupungua karibu nusu bila kupoteza kitu, azipandishe usiku polepole. Kazi inayoendelea ikae kwenye diski.

Na ukiwa na rafiki mwenye Mac, diski ya kubebana nayo ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT. NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, Mac yake itaisoma tu, kuandika itakataa.

ChumbaChaSauti

Wadau, nimerudi baada ya wiki mbili.

SSD iko ndani. Nilihamisha Windows nzima kama ilivyo, baada ya kuondoa picha za harusi na vitu vingine vingi ndipo ikatosha. Laptopu inawaka kabla sijakaa vizuri. Diski ya zamani ilikuja manjano, Fundi, kwa hiyo fremu ya DVD nimeifuta kwenye orodha, na diski yenyewe nimeiandikia X kwa maka pen. Betri nimepata, inashika saa mbili kasoro. Intafesi iko peke yake, bafa 256, nimerekodi kwaya ya sauti nne saa nzima bila tik hata moja. Faili kumi na nne zilikuwa F, DadaMiksi, kama ulivyosema.

Rekodi ya mzee bado ina mikwaruzo. Nimesafisha niwezavyo, sehemu mbili hazisafishiki. Nimempigia, amesema nimfuate Siaya baada ya mavuno.

Mwalimu, pesa zilizobaki nimeongezea kidogo, nikapata diski ya pili ya mtumba, imekuja buluu. Inakaa kwa dada yangu Mamboleo, naichukua Jumapili na kuirudisha Jumatatu. Jana ameniuliza kama anaweza kuweka sinema zake humo kwa kuwa ina nafasi. Nimemkatalia, sasa hatuongei.