MREJESHO: Kadi ya mtandao kwenye FreeBSD imeonekana

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Nilieleza kwamba nimeweka FreeBSD 13 (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) kwenye kompyuta ya mezani, nikiandika ifconfig, amri ya kuonyesha njia za mtandao, naona lo0 tu (njia ya ndani ya kompyuta yenyewe), kadi ya mtandao wa waya haipo. Nilishaanza kuulizia bei ya kadi nyingine.

Aliyeniambia niandike pciconf -lv, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo kwenye kompyuta, Mungu ambariki. Nilikuta mstari unaoanza na none0, chini yake RTL8125 2.5GbE, yaani jina la chipu ya kadi yangu. Hiyo none ndiyo siri yote: mfumo unaiona kadi vizuri, ila hakuna draiva (programu ya kuendesha kifaa) iliyoishika. Draiva ya re inayokuja na FreeBSD 13 haiijui chipu hiyo. Inatakiwa iliyo kwenye pakiti ya realtek-re-kmod.

Sasa utapakuaje pakiti bila mtandao? Hapo nilikwama siku mbili. Kilichoniokoa ni simu ya Android. Niliichomeka kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti kwa USB, nikaandika kldload if_urndis kupakia draiva ya mtandao wa USB, simu ikatokea kama ue0. Halafu dhclient ue0 ili kupata anwani ya mtandao, na pkg install realtek-re-kmod ikafanya kazi.

Kwenye /boot/loader.conf, faili la mipangilio linalosomwa kompyuta inapowaka, niliongeza mistari miwili: if_re_load="YES" na if_re_name="/boot/modules/if_re.ko". Huo wa pili msiuache. Mimi niliusahau, nikawasha upya, mfumo ukapakia tena draiva ya zamani.

Nilipourekebisha, re0 ikatokea, status: active, na taa ya kijani kwenye tundu la waya ikaanza kumetameta. Nikamalizia na sysrc ifconfig_re0="DHCP" ili kadi ijipatie anwani ya mtandao yenyewe kila nikiwasha. Asanteni sana, kadi mpya sinunui tena.