Mjadala: Wenye miaka 60 na kuendelea wapimwe kloni za seli shina za damu?

Uboho255: Tangu 2014 inajulikana kwamba kwa wenye miaka 70 kwenda juu, zaidi ya mmoja kati ya kumi damu yake ina kloni: seli shina moja (mzazi wa seli za damu) iliyopata badiliko kwenye jeni kama DNMT3A, TET2 au ASXL1, ikazaana kuliko wenzake. Mimi nasema tuanze kuwapima wakiwa na 60, hata wenye afya. Kipimo siku hizi si kitu, hata jinomu nzima (DNA yote) iliyosomwa mara 30 kila sehemu inatosha.

Bi_Pipeti: Inatosha?! Mkuu, kizingiti cha kuiita kloni ni badiliko liwe kwenye asilimia 2 ya nakala za jeni, yaani seli kama 4 katika 100, maana kila seli ina nakala mbili na kwa kawaida moja tu ndiyo iliyobadilika. Ukisoma mara 30, asilimia 2 haifiki hata nakala moja. Utaziona kloni nene tu, halafu umwambie mzee wa watu yuko salama. Inatakiwa paneli, yaani kipimo cha jeni chache, isomwe mara 1,000 au zaidi, na kila kipande cha DNA kibandikwe lebo kabla ya PCR (hatua ya kunakili DNA mara nyingi).

Kloni_Mkongwe: Na hiyo paneli nayo inakamata nini? Utafiti wa Uingereza wa 2022 ulikuza seli shina moja moja na kusoma jinomu ya kila moja. Kwa waliopita miaka 75, kloni 12 hadi 18 zilikuwa zinatoa asilimia 30 hadi 60 ya damu yote, na nyingi hazikuwa na badiliko kwenye jeni yoyote tunayoifahamu.

Uboho255: Bi Pipeti, hesabu ya darasa la nne naijua. Kloni ya asilimia 2 inamuua nani? Ya kuogopa ni ya 10 kwenda juu, nayo kwa mara 30 inaonekana.

Bi_Pipeti: Nakala tatu kati ya 30 ndiyo unaita kuonekana? Hata kwa kina, ASXL1 inaumbua. Pale penye herufi ya DNA G nane mfululizo PCR inateleza, inachomeka ya tisa, na ripoti inatoka na c.1934dup (jina la badiliko hilo la G ya ziada) kwa mtu asiye nayo. Balaa ni kwamba hilo hilo ndilo badiliko la kweli linaloonekana sana kwenye jeni hiyo. Linganisha na sampuli nyingine zilizopita mashineni pamoja nayo. Zote zikiwa na asilimia 2 au 3, ni uchafu wa PCR.

Mto_Mwekundu: Mnaokimbilia mate ili kujua DNA ya kurithi mkidhani mmeikwepa damu, mate yamejaa seli nyeupe za damu. Badiliko la jeni ya TP53 lililo kwenye kloni tu linaweza kusomeka kama Li-Fraumeni, hali ya kurithi inayoleta saratani. Thibitisha kwa seli za ngozi zilizokuzwa.

Kloni_Mkongwe: Haya, mmeipata. Mnampa nini? Uwezekano wa saratani ya damu ni kama asilimia 0.5 hadi 1 kwa mwaka, na dawa ya kuondoa kloni haipo.

Sindano_C: Vitamini C jamani! TET2 ni kimeng'enya, kinaihitaji pamoja na chuma.

Bi_Pipeti: Kwa panya, 2017. Tena panya hujitengenezea vitamini C wenyewe, hadi kuna waliozimwa jeni ya Gulo ndipo wakaikosa. Machungwa yako peleka sokoni.

Uboho255: Moyo mnaukwepa. Mwaka 2017 hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilionekana karibu mara mbili kwa wenye kloni, na kwa kloni zenye badiliko la jeni ya JAK2 zaidi ya hapo. Mzee akijua, atashusha presha, ataacha sigara.

Kloni_Mkongwe: Kuacha sigara siku hizi mpaka usomewe DNA? Isitoshe, uchambuzi wa baadaye wa UK Biobank (hazina ya data za afya na DNA za Waingereza) ulikuta uhusiano huo ni dhaifu zaidi.

Bi_Pipeti: Nao ule umetegemea eksomu (sehemu za DNA zinazobeba maelekezo ya protini) ambazo hazikusomwa kwa kina. Uchafu ukihesabiwa kama kloni, hatari lazima ionekane ndogo.

Uboho255: Kwa hiyo dada, uko upande wangu?

Bi_Pipeti: Wewe uliyesema mara 30? Wapi.